Wanangu mnaosomea uuguzi Kigoma, msiandike pumzi ambazo hamkuzihesabu

Wanangu,

Nawaandikia mimi, muuguzi mstaafu, nikiwa bado na hasira. Nikisubiri ipoe nitanyamaza, na nimeshanyamaza mno.

Wiki tatu zilizopita nilimuuguza wifi yangu kwa siku nne katika hospitali moja ya mkoa wetu. Sitaitaja, maana niliyoyaona pale nimeyaona na kwingine. Alfajiri ya siku ya pili aliingia binti wa mafunzo, sare imenyooka, chati mkononi. Akasimama mlangoni, akavitupia macho vitanda sita, akaenda kuketi mezani na kuanza kuandika. Alipotoka nikainuka nikasoma. Upumuaji: 20. Kitanda cha pili, 20. Wote sita 20, hata yule mama aliyekuwa ametoka kwenda msalani.

Nikarudi kwa wifi yangu, nikamshika kiganja kama ninayempima mapigo, nikatazama kifua chake dakika nzima kwa saa yangu. Nilihesabu 34. Pua zilikuwa zinatanuka, na sentensi moja alikuwa anaikata mara tatu ili avute hewa. Nikamwita muuguzi wa zamu, naye, Mungu ambariki, alikuja mbio. Muda si mrefu mgonjwa alikuwa kwenye oksijeni. Ilikuwa nimonia. Sasa amepona.

Yule binti nilimuuliza kwa upole kwa nini alifanya vile. Akajibu, "Bibi, huwa tunaandika hivyo." Wingi huo ndio ulioniumiza.

Najua kwa nini mnaipenda 20. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo ukiandika 20 hakuna msimamizi atakayekuuliza. Lakini pumzi ni katika vitu vya kwanza kubadilika mwili unapoelemewa, mara nyingi presha ikiwa bado inasoma vizuri. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, hiyo ni kupumua haraka na unapaswa kushtuka. Utashtukaje kama hukuhesabu? Au mama mwenye kifafa cha mimba anayechomwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege: kabla ya dozi inayofuata pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Dawa hiyo ikizidi, goti huacha kuruka, kisha pumzi hufifia hadi kukatika. Wewe umeandika 20 ya kubuni. Mwenzako wa zamu inayofuata ataiamini na kuchoma.

Kuhesabu kwenyewe si kazi ngumu. Maliza mapigo, halafu usiachie kiganja. Acha vidole vyako palepale, macho yahamie kifuani au tumboni, uhesabu dakika nzima bila kumwambia. Mgonjwa akijua unazihesabu pumzi zake, zinabadilika. Mtoto anayelia msubiri atulie, hata kama ni kwenye titi la mama yake. Mimi nilifundishwa hivyo na sista mmoja mkali, baada ya kunikuta nimeandika namba kwa kukisia. Aliniketisha kando ya mgonjwa yule asubuhi nzima, nikihesabu kila robo saa. Nililia. Tangu siku ile sikuandika tena namba ya kukisia, hadi nastaafu.

Kuna jambo jingine lenye mzizi huohuo. Mwezi uliopita kijana wa mwaka wa pili alikuja nyumbani nimsaidie asainimenti ya dripu. Alitaka nimwandikie majibu, na aliniambia wazi kuwa wapo wanaolipwa kuandika. Fomula alikuwa nayo kichwani kwa Kiingereza, haina kosa hata moja. Nikamuuliza, "Mrija wako unatoa matone mangapi kwa mililita moja?" Kimya. Tukakaa barazani tukaifanya taratibu: lita moja iishe kwa saa 8, mrija wa matone 20. Mililita 1000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawa unapata karibu 42 kwa dakika. Nikamwambia aguse meza mara 42 kwa dakika moja, ili mkono wake uijue kasi hiyo. Alipoaga alikuwa anacheka. Kijana yule hakuwa mvivu, alikuwa na aibu ya kuuliza.

Na aibu hiyo tumewapa sisi. Wauguzi wenzangu, mwanafunzi akiuliza tunamjibu, "Chuoni mmefundishwa nini?" Tunamtuma maabara na stoo kutwa nzima, jioni tunamsainia kitabu cha mazoezi kwa kazi ambayo hatukumwona akiifanya. Vyuo vinapokea wanafunzi wengi, mdoli wa mazoezi mmoja unagombewa na darasa zima. Mzazi kijijini ameuza madumu ya mawese alipe ada, anadhani mwanawe anafundishwa. Hapo watu wazima tuna deni.

Mengine nayataja tu. Nawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa. Mwite kwa jina, si kwa namba ya kitanda. Salimia. Mgonjwa asiyejua Kiswahili vizuri mtafutie anayejua Kiha, usimpandishie sauti. Sindano iliyotumika iingie kwenye boksi lake wewe mwenyewe ukiwa umeishika. Ukikosea, sema siku hiyohiyo.

Jumamosi baada ya alasiri huwa nipo barazani, na wa mtaani wanapajua kwangu. Njooni na daftari, na saa yenye mshale wa sekunde. Yule kijana wa dripu anakuja, na mjukuu wangu wa miaka minne amekubali kulala mkekani ahesabiwe pumzi, kwa sharti la kupewa embe. Na wewe binti wa vitanda sita, kama barua hii imekufikia, njoo. Sitakutaja mbele ya wenzako.