Kabla hujapanda lifti ya KICC

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Bujiku,

Mwangaluka! Huku hatujambo. Mvua imeanza kuteremsha mchanga kutoka milimani, na dagaa wamepanda bei. Mengine utayasikia kwa mama.

Unasema mnaenda mkutanoni Nairobi, na mkutano wenyewe uko KICC, lile jumba la mikutano la kimataifa la Kenyatta, kwa hiyo nikueleze lile jengo maana mimi ndiye fundi. Haya. Kwanza, usikimbilie lifti kama wageni wengine. Anzia chini, kwenye uwanja wenye sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi. Ukisimama pale utaona vitu vitatu: mnara wa ghorofa 28, karibu mita 105, umbo lake la mviringo; ukumbi mdogo wenye paa lililochongoka kama msonge wa kwenu Bukoba; na ukumbi mkubwa wa mikutano, mpana, mtulivu, ambao hakuna anayeupiga picha ingawa ndio unaobeba watu wengi zaidi. Rangi yote ni ya udongo mwekundu. Mimi huo uwanja naupenda kuliko mnara, maana ndio unaovifanya vitu vitatu kuwa jengo moja.

Walipoanza kujenga mwaka 1967, yalikuwa makao makuu ya KANU, chama kilichokuwa kikitawala Kenya, na hayakukusudiwa kuwa marefu hivyo. Halafu Nairobi ikapewa mkutano wa mwaka 1973 wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, wa kwanza kufanyika Afrika. Ofisi za chama zisingetosha, michoro ikapanuliwa. Mimi nawajua matajiri wanaoongeza ghorofa kazi ikiwa imeshaanza, huwa wanaharibu. Hapa hawakuharibu. Wasanifu walikuwa Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, na David Mutiso, aliyekuwa msanifu mkuu wa serikali. Septemba 1973 Kenyatta akalizindua, wageni wakaingia.

Lakini jengo lilikuwa mikononi mwa KANU. Chama kiliposhindwa uchaguzi, serikali mpya ikalichukua mwaka 2003. Ukikaa na Mkenya wa umri wetu muulize habari hizo, chai itapoa.

Juu kabisa kulijengwa mgahawa unaozunguka, na juu yake pa kutua helikopta. Panda, ukipenda. Mji wote utauona. Mimi nilichokitafakari kule juu ni kwamba Nairobi, kwa kuwa katikati yake ni tambarare, ilibidi kimo ikijenge yenyewe. Sisi wa Mwanza kimo tumepewa bure na mawe: hospitali ya Bugando ilifunguliwa 1971, miaka miwili tu kabla ya KICC, na inaonekana kutoka kila mahali kwa sababu ya kilima. Ndiyo maana nachoka nikisikia watu hapa mjini wakisema Mwanza itapendeza ikijaa maghorofa ya vioo pale ziwani. Yatatuzibia maji, na chini hawataacha hata pa kukaa mtu akisubiri kivuko cha Kamanga.

Meli ikikushusha hapa, lala kwangu, kesho yake nitakusindikiza kwenye basi la Sirari, mpakani mwa Kenya. Ukifika, nipigie picha pale mnara unapokutana na sakafu ya uwanja, kwa karibu, nione walivyounganisha zege. Za kileleni ninazo.

Wasalimie wa Kashai.

Wako,
Masalu