Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: turudishie pampu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Kwa umri wewe ni mwanangu, kwa cheo wewe ni kiongozi wangu, kwa hiyo naanza kwa heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizozileta ofisini kwako kwa mkono wangu zina mhuri wa kupokelewa na hazina majibu. Nakala ninazo. Nilikuwa nimeamua kuvumilia hadi msimu wa korosho upite, lakini yaliyotokea Alhamisi ya wiki iliyopita yamenimalizia subira.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa nane, nilisikia gari kubwa likipanda mlima kwa gia nzito. Nyumba yangu iko hatua chache kutoka kwenye tenki la kijiji. Nikajifunga kanga, nikatoka na tochi. Lilikuwa boza. Vijana wawili walipandisha mpira hadi juu ya tenki, wakajaza maji, wakaondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Saa nne asubuhi wakafika wageni kutoka Ulaya, wale ambao fedha zao ndizo zilizojenga mradi wetu. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ukafungua koki ya kilula cha ofisi ya kijiji, maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi nilipiga makofi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, alikinga kiganja akanywa. Kisha akaniuliza kupitia mkalimani kama maji hutoka kila siku. Kabla sijafumbua mdomo, ofisa aliyefuatana nawe akajibu kwamba hutoka kila siku. Yule mama akatabasamu, akaandika kwenye daftari lake. Ijumaa adhuhuri tenki likakauka.

Mheshimiwa, pampu yetu iling'olewa bondeni mwezi wa nane mwaka jana. Mafundi walikuja na gari la serikali, wakasema inakwenda kutengenezwa. Wameacha nyaya zimefungwa mfuko wa nailoni na paneli za sola zinashika vumbi. Huu ni mwezi wa 14. Mwezi wa tatu mwaka huu ulisimama chini ya mwembe wetu ukasema, "Nipeni siku thelathini." Mimi ni mweka hazina wa kamati ya maji. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari la kamati kwa kalamu nyekundu, pamoja na tarehe.

Nchi hii yetu ya uwanda wa juu wa Makonde unaijua. Huku juu hakuna mto wala chemchemi. Mvua ikinyesha udongo unaimeza yote, na maji yanakuja kuchomoza chini kabisa mabondeni. Mwenye nyumba ya bati amechimba kisima uani, akakisakafia kwa saruji ili akinge maji ya mvua. Kisima changu kilikauka mwezi wa nane. Na hata mvua ikirudi, maji ya kwanza hayanyweki, maana tangu mwezi wa sita watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho na ule unga wa njano umelala juu ya mabati. Mvua ya kwanza tunaiacha ioshe paa, tunaimwaga, huku koo limekauka. Hapa katikati tunanunua ndoo moja shilingi 500 kwa wenye visima vikubwa. Kwenye kilula ilikuwa shilingi 50.

Asiye na 500 anashuka bondeni. Mjukuu wangu ana miaka 12. Anaondoka saa kumi alfajiri na dumu la lita 20, anarudi jua limeshachomoza. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ule mteremko wa mawe, dumu likamwangukia mkononi. Alipofika nyumbani hakulia kwa sababu ya mkono, alilia kwa sababu maji yalimwagika. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, Mheshimiwa. Nawajua watoto wanaosinzia darasani saa tatu asubuhi, na najua wametoka wapi. Sikutegemea kwamba nikistaafu nitakuwa namtuma wa kwangu.

Tafadhali usiniambie kwamba wanakijiji hawachangii. Kila kaya ilitoa shilingi 10,000 baada ya mnada wa korosho, na makusanyo ya vilula niliyapeleka benki kila mwezi bila kukosa. Stakabadhi zote ziko kwenye sanduku langu la bati. Lakini tuliagizwa kwamba hatuwezi kutoa hata shilingi bila saini ya ofisi huko wilayani. Tumeomba saini hiyo mara nne. Fundi mmoja aliyekuwapo siku ya kung'oa aliniambia kilichoungua ni mota tu, pampu yenyewe nzima. Wengine wanasema imefungwa kijiji kingine chenye mkubwa wao. Mimi naamini kuna mtu amechelewesha shauri hili mpaka akaona aibu kulisema, na boza lilikuja kuifunika hiyo aibu. Fedha za kipuri zipo, tumezitoa mifukoni mwetu, na bado tunashuka bondeni.

Mwaka 1971 serikali yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400. Mama yangu alilisikia tangazo hilo redioni akiwa amebeba mimba ya mdogo wangu. Katika miaka hiyo ya 1970 nchi iligawanywa kwa wafadhili: Wafini wakachukua Mtwara na Lindi, Waswidi mikoa ya Ziwa, Waholanzi Shinyanga. Marehemu baba alifanya kibarua cha kuchimba visima na Wafini. Pampu zao za mkono za Nira aliziita kwa jina kama watoto wake. Alinionyesha jinsi ya kubadilisha vipuri vilivyolika, na alikuwa akisema kwamba siku kipuri kitakapokosekana dukani, kisima kitakuwa kaburi. Wafadhili wakaondoka, vipuri vikakosekana, na vile visima unavyoviona vimefunikwa na magugu ndivyo hivyo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikarudia maneno yaleyale: mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Mama yangu alifariki akiwa bado anashuka bondeni.

Mwaka 2015 nchi za Umoja wa Mataifa zikakubaliana malengo 17 ya maendeleo endelevu, mwisho wake 2030. La sita ni maji kwa wote, na ndani yake imeandikwa kwamba jamii zishirikishwe kusimamia maji yao. Sheria yetu wenyewe ya Huduma za Maji ya mwaka 2019 inatambua vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji. Kwa hiyo ninachokudai sikukitoa kichwani mwangu. Kiko kwenye sheria uliyoapa kuisimamia.

Hata nchi tajiri zina deni kwetu, hilo silifichi. Mwaka 1970 zilikubaliana kwenye Umoja wa Mataifa kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kusaidia nchi maskini, na nyingi hazijafika hapo mpaka leo. Mwaka 2009 huko Copenhagen ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka za kuzisaidia nchi maskini kukabili mabadiliko ya tabianchi ifikapo 2020, mwaka huo ukafika na ukapita ahadi haijatimia. Sasa mvua za huku kwetu hazina adabu tena, na hewa tuliyoichafua sisi ni ya moshi wa kuni. Siku ya kuzidai nchi hizo ahadi zao nakuunga mkono kwa sauti yote. Lakini tutadai kwa uso gani, kama hicho kidogo walichokwisha kuleta tunawaonyesha maji ya boza?

Mwaka 2025 tumeona Marekani ikisitisha misaada yake ya nje na shirika lake la USAID likifungwa. Waliobaki wanaulizwa huko kwao kila shilingi imekwenda wapi. Yule mama aliyekunywa maji kwa kiganja atarudi kwao aseme kijiji chetu kimekwisha pata maji, fedha zipelekwe pengine. Nasi tutakuwa tumehesabiwa miongoni mwa waliofikiwa, na ndoo ziko vichwani. Nani atatukumbuka tena? Mtu mwenye shida huweza kusaidiwa. Aliyeandikwa kwamba shida yake imekwisha hasaidiwi na yeyote.

Najua huwezi kuyamaliza ya dunia. Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi: uwaandikie wageni wale uwaeleze ukweli, uje usomewe mapato na matumizi ya mradi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, saini ya benki irudi kwenye kamati, vijana wetu wawili wafundishwe ufundi ili tusingoje gari la wilayani kila mota ikiungua. Yote hayo bado nayataka. Ila nimeandika barua hii kwa siku tatu, nikikatiza kwenda kupanga foleni ya ndoo, na kila nikirudi mezani naona ombi limebaki moja.

Turudishie pampu. Kama ni mbovu, irudi ikiwa mbovu, tutatafuta fundi wenyewe. Kama imefungwa kwa wengine, tuambie, tuwaache wanywe, utusainie fedha zetu tununue nyingine.

Mkutano mkuu wa kijiji ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe uleule. Kiti chako kitakuwepo. Na kama pampu itafika usiku, kama lilivyofika boza, usiwe na wasiwasi wa kutuamsha. Mimi niko karibu na barabara, nitaisikia gari, nami nitawaamsha wengine tuje kuipokea.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mweka hazina wa kamati ya maji ya kijiji