Mungu si dalali wa viwanja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Wakristo wenzangu wa Dodoma, hasa wanaotuhubiria.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huku, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, habari ya mji ni ardhi. Mtumba tulikojua mashamba na mbuzi leo ni Mji wa Serikali. Silaumu. Mimi ni mjane, mkulima wa zabibu Mpunguzi. Niliuza ekari moja ya marehemu mume wangu, nikaezeka nyumba bati na kumlipia mwanangu ada ya chuo. Anayesifu umaskini hajawahi kungoja mvua ya Januari huku uwele umekwisha ndani.

Kinachoniumiza ni sala zetu. Ukienda mkesha siku hizi, maombi ni hati ya kiwanja itoke, mteja apatikane, kiwanja cha Ihumwa kiongezewe cha Nala. Tumemfanya Mungu dalali, na dalali ukishamlipa chake mnaachana. Ndugu mmoja wa kanisani kwetu alikuwa hakosi ibada alipokuwa anatafuta kiwanja cha kwanza. Sasa anavyo kadhaa, na Jumapili yuko kwenye gari na wateja. Nilimuuliza kama roho imetulia. Akanijibu, "Bado kimoja tu, mama."

Watu husimulia sana Luka 12, yule tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, lakini wanaruka kilichotangulia. Mtu alimwomba Yesu amwambie nduguye wagawane urithi, na Yesu akakataa kuwa mgawanyaji wao. Hapo Mpunguzi, ambako mirathi inagombanisha watoto wa tumbo moja, ningependa tuhubiriwe sana hilo.

Msimu mmoja wanunuzi hawakuja, zabibu zikaoza shambani. Nililia, sifichi. Alfajiri kabla ya kwenda shamba nilikuwa nasoma Zaburi ya 73, ya Asafu aliyewaonea wivu matajiri hata miguu yake ikakaribia kuteleza, mpaka alipoingia patakatifu pa Mungu. Mwishoni anasema duniani hana kingine anachokitamani ila Mungu. Bei haikupanda kwa kusoma kwangu, na deni la dawa za zabibu nililipa kwa kuuza mbuzi. Lakini moyo ulishiba, nikaenda kupogolea matawi nikiimba Kigogo. Hata fedha za ekari zilipoingia benki nilirudia zaburi hiyohiyo, na shibe ilikuwa ileile. Fedha hazikuiongeza, kama vile hasara haikuwa imeipunguza.

Basi wachungaji wetu, mkesha ujao tuombeeni viwanja kwa dakika chache, maana Baba anajua tunavihitaji. Usiku uliobaki mtuache tumsifu Mungu kwa kuwa ni Mungu. Na waliokwisha kupata hati zao waalikwe pia.

Mama mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma