Mama, kuhusu ile kelele ya juzi

Mama, najua bado umeninunia na haki unayo, ila soma hii yote maana kwenye simu hatuelewani, unalia tu.

Juzi alamu ya hii pampu ya moyo niliyopandikizwa ilipopiga ulinishika mkono ukatafuta mapigo, ukayakosa, ukapiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta hahaha. Mwanangu, mimi siku hizi mapigo ya kushika kwa kidole sina! Hii pampu haidundi, inazunguka tu, damu inapita mfululizo kama maji ya bomba, ndo maana hata mashine ya presha ya kawaida mara nyingi hainisomi. Kwahiyo achana na mkono, niangalie kama naongea na napumua, halafu angalia kontrola, kile kikasha kinachoendesha pampu, hapa kiunoni.

Taa ya njano na mlio wa kukatika katika usipagawe, mara nyingi betri inaelekea kuisha au waya haujakaa. Taa yenye alama ya moyo mwekundu na mlio usiokatika, hapo ndo pa kukimbia. Ule waya unaotoka tumboni kama umechomoka kwenye kontrola urudishe chap, kagua na waya za betri, ikiendelea kulia piga namba ya hospitali pale kwenye friji, ila ukiona nimezimia anza na 911. Na betri nakuomba, moja moja jamani!! Toa moja, weka mpya, ikishakaa ndo uguse ya pili. Zikitoka zote mbili kuna kabetri ndani ya kontrola kananishikilia dakika 15 hivi, ka dharura hako.

Sasa ya juzi. Kioo kiliandika damu inapita kidogo, yaani pampu inavuta na cha kuvuta hakitoshi. Inaweza kuwa kiu, inaweza kuwa navuja damu ndani, wewe usibahatishe, piga tu simu kama ulivyopiga. Uliniuliza baba umekunywa maji, nikasema ndio. Nilidanganya. Nilikuwa nimefunga, siku ya tatu hiyo, kimya kimya, na daktari alishakataza na sheikh alishaniambia mgonjwa ana ruhusa yake, ila Ramadhani kukaa hapa Minneapolis nanusa futari za watu halafu mimi nimeshakula mchana ilinishinda. Nesi aliposema mwili umekauka ulinitazama, hukusema kitu.

Nisamehe mama. Fidya nimeshatoa. Jumamosi njoo tufanye mazoezi ya kubadilisha betri, wewe ubadilishe mimi nihesabu, na chupa ya maji utaikuta mezani, ikiwa imejaa nigombeze.

Baba