Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Kambi ya Inchtuthil

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaoisha. Mkutano mkuu uliopita ulipitisha kwamba tuache kurukaruka kutoka ngome moja hadi nyingine, na badala yake mwaka mzima tujifunze mahali pamoja hapa Uskoti. Pakachaguliwa Inchtuthil, Perthshire, ilipofukiwa kambi kubwa ya jeshi la Warumi kando ya Mto Tay. Baadhi yenu mlisema wazi kuwa tunakwenda kutazama majani. Hoja hiyo inastahili jibu, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni jibu lenyewe.

Majani yapo kweli. Ukifika unakuta uwanda ulioinuka juu ya mto, malisho, miti, na vipande vya tuta na handaki ambavyo mgeni anaweza kuvipita bila kujua. Chini yake kuna kambi ya ekari 53 hivi. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 80 baada ya Kristo, katika vita vya gavana Agricola vya kuiteka kaskazini ya Britania, na ilikusudiwa kuwa makao ya kudumu ya lejioni nzima, yaani askari 5,000 hivi. Inaaminika ilikuwa Lejioni ya Ishirini. Kwa kuwa hakuna mji uliojengwa juu yake baadaye, ramani ya kambi yote imejulikana, jambo ambalo ni adimu sana kwa kambi za ukubwa huo popote Warumi walipotawala. Kulikuwa na mabweni 64 ya mbao, maghala ya nafaka, hospitali ya vyumba 60 hivi vilivyopangwa kuzunguka ua, na karakana. Nyumba ya kamanda ndiyo haikujengwa kamwe. Kiwanja chake kilisawazishwa kikabaki hivyo hivyo.

Hili la nyumba ya kamanda lilitushughulisha kuliko mengine yote. Askari wamekwisha kupata mabweni, wagonjwa wana hospitali, ukuta umekwisha kuzungushwa, halafu mkubwa wao hana nyumba. Maana yake amri ya kuondoka iliwakuta kazini. Sarafu za mwaka 86 zilizopatikana pale zilikuwa bado mpya, hazijachakaa kwa kupita mikononi mwa watu, hivyo haikuchukua muda kabla ya jeshi kuondoka. Sababu ilikuwa mbali sana na Uskoti. Wadakia, watu wa nchi inayoitwa Romania leo, walikuwa wamevuka Mto Danube na kumuua gavana wa Moesia, jimbo la Warumi kusini ya mto huo, na jeshi lililotumwa kulipiza kisasi nalo likapigwa, kamanda wake akauawa. Kaisari Domitian akahitaji askari, na lejioni moja ikatolewa Britania kwenda huko. Waliobaki hawakutosha kuishika kaskazini. Lejioni ya Ishirini ikarudi kusini na mwishowe ikakaa Chester. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyemwoa binti wa Agricola, aliandika kwa uchungu kwamba Britania ilitiishwa yote kisha ikaachwa papo hapo.

Uchimbaji ulifanywa na Ian Richmond na Kenneth St Joseph, majira baada ya majira, kuanzia mwaka 1952 hadi 1965. Walichokuta ni kazi ya watu waliobomoa kwa utaratibu. Mbao ziling'olewa, mawe ya ukuta yakaondolewa, vyombo vya udongo na vya kioo ambavyo havikuweza kubebwa vikapondwapondwa. Kisha, ndani ya karakana, wakafikia shimo refu lililojazwa changarawe safi. Chini ya changarawe hiyo kulikuwa na misumari ya chuma zaidi ya 875,000, pamoja na mikanda ya chuma ya magurudumu.

Wanachama mliokuja nasi kwenye jumba la makumbusho la taifa huko Edinburgh mtakumbuka tulivyosimama mbele ya misumari hiyo. Mzee wetu mmoja, fundi seremala tangu ujana wake Tanga, ndiye aliyetufundisha kuitazama. Alituonyesha kwamba mwili wa msumari una pande nne, hauviringiki kama wa dukani leo, na unachongoka taratibu hadi ncha. Akatuelekeza kwenye kichwa cha ule mkubwa, kilichoinuka kama piramidi, akasema kichwa cha namna hiyo kimetengenezwa kipokee nyundo nzito bila kupasuka, na kwamba msumari mrefu kiasi kile hauupigi kwenye mbao nyembamba, unaupiga kwenye magogo. Kila mmoja ulifuliwa kwa mkono. Mabonde ya nyundo bado yanaonekana ubavuni.

Kwa nini kufukia mali kama hiyo? Kuibeba yote kulikuwa mzigo mkubwa mno, na kuiacha juu ya ardhi kungewapa Wakaledonia, yaani wenyeji wa kaskazini, chuma cha kufulia mapanga na ncha za mikuki. Wakaificha chini kabisa na hakuna aliyeigusa kwa zaidi ya miaka 1,870. Misumari ya pembeni ililiwa na kutu hadi ikashikamana ikawa gamba gumu, na gamba hilo likaizuia hewa na maji yasifike ndani. Iliyokuwa katikati ilitoka karibu kama ilivyoingia. Wahandisi wanaofikiria namna ya kuhifadhi taka za nyuklia chini ya ardhi kwa karne nyingi wameichunguza misumari hii, kwa sababu vipo vitu vichache vya chuma ambavyo muda wake ardhini unajulikana kwa uhakika namna hiyo.

Mtaona basi kwa nini siafiki neno "majani". Tumejifunza pia kwamba majani na mazao yenyewe husema. Handaki la kale likijaa udongo hushika unyevu, na nafaka iliyooteshwa juu yake hurefuka na kubaki kijani wakati wenzake wanakauka. Juu ya msingi wa mawe hutokea kinyume chake. Mwaka wa ukame, mtu aliye kwenye ndege huona kambi nzima imechorwa shambani. St Joseph alizipata kambi nyingi za Uskoti kwa njia hiyo. Huko Kintore, Aberdeenshire, uchimbaji ndani ya kambi ya muda ya askari waliokuwa safarini ulifichua matanuri ya kuokea mikate zaidi ya 100.

Sasa jambo ambalo kamati inalisimamia bila kuyumba. Liliwahi kuletwa pendekezo kwamba chama kinunue mashine ya kutambua chuma ardhini ili safari zichangamke. Kamati imelikataa. Inchtuthil ni eneo linalolindwa na sheria, na kutumia mashine hiyo pale bila kibali ni kosa. Zaidi ya hapo, hapa Uskoti kitu cha kale kinachookotwa huwa ni mali ya Taji, yaani ya dola, na aliyekiokota anapaswa kutoa taarifa. Hata kama sheria isingekuwepo, ningepinga. Sarafu ikishatolewa udongoni bila kupimwa ilikuwa wapi na juu ya nini, haituambii tena kambi ilihamwa lini. Inabaki pesa ya kale tu. Aidha, ardhi ile ni ya mtu binafsi. Tukitembea, tutembee kwa adabu: mageti yafungwe, mifugo isisumbuliwe, jiwe lisihamishwe.

Kuhusu mambo ya ndani ya chama nitakuwa mfupi. Wanachama wapya wamejiunga, wengi wao vijana, nao tunawakaribisha kwa mikono miwili. Mweka hazina atasoma hesabu zake mwenyewe; ninachoomba ni ada zilipwe kabla ya safari, maana basi hukodiwa kwa fedha taslimu. Darasa la watoto la Jumamosi limeendelea, na mfano wa kambi walioutengeneza kwa maboksi upo mezani pale mlangoni.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tubaki na Warumi, kwa sababu bado hatujaigusa sehemu inayotuhusu sisi kama Waafrika. Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuja mwenyewe na jeshi lake hadi Uskoti kuanzia mwaka 208, akafia York mwaka 211. Na huko Burgh by Sands, kwenye Ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, kiliwekwa kikosi cha Wamori kutoka Afrika ya Kaskazini. Tungeanza na ngome ya Ardoch, karibu na Braco, ambako mahandaki yamesimama wazi safu kwa safu na hata mtoto anayaona, kisha twende Burgh by Sands majira ya joto. Pendekezo hili litapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina, na wenye pendekezo tofauti wampe katibu majina ya maeneo yao kabla ya chai.