Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: paa la Majestic kwanza

Assalamu alaykum Mheshimiwa Waziri,

Mie si mwanasiasa wala sina taasisi, mie bibi wa Kikwajuni tu mwenye wajukuu zangu, na nakuandikia hapa hadharani kwa sababu mambo ya barua za ofisini nshayajaribu, unaambiwa subiri, na kusubiri kwenyewe nshazeeka nako. Wewe ndo umekabidhiwa mambo ya kale kwahio nakwambia wewe. Habari yenyewe ni senema ya Majestic pale Vuga, hapa mjini Unguja.

Juzi nimepita na mjukuu wangu ana miaka tisa, akaniuliza bibi hili gofu la nini? Namwambia hii ilikuwa senema. Akanambia, ya nani? Lo! Nikakosa la kumjibu, mana kwake yeye picha ni kitu cha mtu mmoja na simu yake, anaangalia kajifunika shuka.

Sisi Sikukuu, Mheshimiwa (naamini na wewe yamekupitia haya kama ni mtoto wa mjini), ukishazunguka nyumba zote kuchukua mkono wa Idi, hadi za watu usiowajua, unateremka Mnazi Mmoja, unabembea, unakula bisi na ubuyu mpaka mdomo mwekundu, lakini kuna pesa umeifunga kwenye pindo la kitambaa haiguswi, hio ya Majestic. Na ile haikuwa foleni, ile vita, watu wamebanana dirishani jasho linawatoka na walanguzi wamekaa pembeni na tiketi zao wanakutizama tu, wanajua mwisho utawajia. Kaka yangu alipoteza kiatu kimoja pale, cha Sikukuu, kipya, akaingia hivohivo mguu mmoja mtupu akaangalia picha mpaka mwisho, kipigo akakikuta nyumbani.

Ndani sasa. Picha ya Kihindi, nani alojua Kihindi? Lakini akilia Dharmendra tunalia sote, akitokea adui watu wanampigia kelele shujaa geuka nyuma yupo! Nyimbo tunatoka nazo kichwani, kesho yake ziko kisimani ziko jikoni, na nyingine baadae unazisikia kwenye taarabu zimetiwa maneno yetu. Mama yangu yeye alikuwa anasimulia zanana, shoo za wanawake watupu, wanakwenda na mabuibui yao wanajaa ukumbi mzima hakuna mwanamme ndani, wanacheka watakavyo. Nafikiri mama alikuwa hapendi picha kiasi hicho, alikuwa anapenda kutoka.

Na ujue jengo lenyewe lina asili. Pale mwanzo ilikuwepo Royal, ya miaka ya 1920, ikaja ikaungua moto, ndo ikajengwa Majestic ikafunguliwa 1955. Yani wazee waliunguliwa wakajenga tena upya! Sisi halijatuungulia, tumeliacha tu, kwanza zikaja televisheni, kisha mikanda ya video kila mtaa, watu wakapungua, mlango ukafungwa, mvua ikafanya iliobaki. Paa limeanguka. Empire na Sultana, senema nyengine za mjini, nazo vijana wanazisikia majina tu. Na huu ni mji ambao hata baraza ya kahawa tumeiita Jaws Corner kwa ajili ya picha ya Jaws, ile ya papa wa baharini, sijui mji gani mwengine una wazimu huo.

Kila mwaka wageni wanakuja kwenye tamasha la filamu la ZIFF, wanaangalia filamu Ngome Kongwe chini ya nyota, pazuri sana sikatai, lakini ukitoka hapo kwa miguu hata robo saa huendi unakuta senema nzima imekaa haina kitu. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Lile jumba la Beit el Ajaib lilipoanguka upande Desemba 2020 tulilia sote na watu walikufa, sasa tunangoja nini tena?

Ombi langu dogo. Sitaki maonesho ya picha za kutundika ukutani, na wallahi nisisikie hoteli. Ezekeni paa kabla masika hayajaingia, basi, hilo kwanza. Viti tutakuja na mikeka tukikosa. Baadae likisimama mtutilie siku moja ya wanawake kwa wiki, na Sikukuu watoto walipe bei ya ubuyu.

Nasikia kila mara kuna mipango, ipo kwenye makaratasi. Basi Mheshimiwa hio mipango ibandikeni pale pale mlangoni kwa Kiswahili, ianze lini iishe lini, mie nikipita sokoni nisome. Miwani ninayo.

Bibi wa Kikwajuni