Barua kutoka Wete: hizo pikipiki mbili

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku wazima, tumo ndani ya karafuu, mji mzima unanukia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema kwenye ile yadi umeziona pikipiki mbili zimesimama ubavu kwa ubavu, Honda CBR600F4i ya mwaka 2002 na Yamaha R6 ya mwaka 2001, bei zao zinakaribiana, na moyo wako umeshalala kwenye R6. Ningekujibu kwa sauti vilevile, lakini jambo hili nataka ulisome taratibu na ulirudie, maana pesa hizo najua umezikusanya vipi na kwa miaka mingapi.

Chukua Honda.

Usidhani nasema hivyo kwa kuwa R6 siipendi. Nilipokuwa Maskati nikifanya kazi gereji nilikuwa na R6 yangu mwenyewe, ya mwaka 2000, ya buluu kama hiyo. Alfajiri ya Ijumaa tulikuwa tukitoka watu wanne watano kuelekea Nizwa, barabara pana, imenyooka, haina mbuzi wala mtoto. Ile mashine injini ikiwa chini ya mizunguko 8,000 kwa dakika unaiona imetulia tu, kama mtu anayekusikiliza. Ikifika 10,000 sauti yake inageuka, mvumo unakuwa ukelele, na wewe mwenyewe unajikuta umelala juu ya tangi bila kuamua. Mpaka leo nikiota pikipiki naiota ile.

Sasa hebu tuzitazame namba. R6 ilipotoka mwaka 1999 Yamaha waliitangaza kuwa na nguvu farasi 120, na nguvu hizo zinapatikana kwenye mizunguko 13,000 kwa dakika. Alama nyekundu ya mita ya mizunguko, mpaka ambao injini haitakiwi kuupita, ilianzia 15,500. Injini ni cc 599, silinda nne. Hiyo Honda nayo ni cc 599, silinda nne, nguvu farasi kama 110. Basi kinachokukosesha usingizi ni farasi 10, nao wamekaa juu kabisa ya mita, pale ambapo utafika mara moja kwa mwezi, ukifika. Pikipiki hizi zote mbili gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Gia ya kwanza! Wewe kila siku unatoka Fuoni kwenda Paje kazini. Unapita Tunguu, una askari mbele, una daladala inayosimama bila ya kukwambia, halafu una matuta ya Jozani yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe. Utafika kazini hujapata haja ya gia ya tatu. Unguja yote kutoka ncha hadi ncha ni kama kilomita 85, na Pemba ni fupi zaidi.

Na hizo namba za matangazo usiziapie. Mwaka 2006 Yamaha walitoa R6 mpya wakasema alama nyekundu ni 17,500. Watu wakaipima, ikaonekana mita inasoma zaidi ya injini inavyozunguka. Mwisho wa kweli ulikuwa kama 16,200. Yamaha wakakiri, na kule Marekani wakasema mnunuzi asiyeridhika airejeshe, watainunua. Walifanya uungwana, na pikipiki yenyewe ilikuwa nzuri sana. Ila angalia watu walivyoichagua: kwa tarakimu ambayo hakuna aliyeihisi mkononi.

Najua utaniletea habari ya mashindano, maana rafiki zako wa Darajani ndiyo hoja yao. Ubingwa wa dunia wa daraja la pikipiki za 600 mwaka 1999 ulichukuliwa na Stéphane Chambon juu ya Suzuki. Mwaka 2000 Jörg Teuchert juu ya Yamaha, hiyohiyo R6. Mwaka 2001 Andrew Pitt juu ya Kawasaki. Mwaka 2002 Fabien Foret juu ya Honda. Miaka minne, viwanda vinne vya Japani, kila kimoja kikapata zamu yake. Anayekwambia kwamba mmoja wao ndiye mwamba na wengine takataka, muulize mwaka gani.

Kwa hiyo mie sitazami ipi inakimbia zaidi. Natazama nguvu zimekaa wapi. Nikupe mfano wa juzi tu.

Kijana mmoja wa hapa ameletewa Suzuki GSX-R600 ya mwaka 2001. Pikipiki nyepesi sana hiyo, kiwanda kinasema kilo 163 bila ya mafuta. Akanipa niisikilize, nikatoka nayo njia ya Chake. Unaijua njia ile, vilima na kona, miembe imefunika juu. Natoka kwenye kona moja, mbele nakuta mikeka imeanikwa karafuu, imekula karibu nusu ya upande wangu, na mtoto wa kike amepiga magoti katikati anazipindua kwa viganja. Nikashika breki, nikashuka mpaka mwendo wa mguu. Mpaka hapo hakuna tatizo. Shida ilikuja nilipotaka kuondoka pole pole kumpita: nafungua mafuta, injini iko 3,000, haina kitu. Naongeza kidogo, bado. Naongeza tena, ndipo inapokuja, na inakuja zaidi ya nilivyoomba. Nikavuta klachi haraka, nikaiachia ijiviringishe. Bibi yake alikuwa barazani, hakunigombeza, alinambia tu, "Baba, pita ukingo ule, karafuu zangu zisiingie vumbi." Nilisimama mbele kidogo chini ya mwembe, mikono inanitetema. Na mie ni fundi, nimezizoea.

Honda hiyo ingenipitisha pale bila ya vishindo. Hiyo ndiyo sifa yake tangu ilipoanza mwaka 1987. Honda waliitengeneza CBR600F iwe pikipiki ya mtu mmoja mwenye haja nyingi: aende nayo kazini wiki nzima, Jumapili aende nayo kwenye kiwanja cha mashindano, arudi nayo nyumbani. Mwaka 1999 wakaipa fremu ya alumini, mwaka 2001 wakaiondolea kabureta, vile vyombo vya kuchanganya mafuta na hewa, wakaitia mfumo wa sindano za mafuta, ndiyo hiyo F4i uliyoiona. Mwaka 2003 wakatoa CBR600RR kwa ajili ya wanaotaka makali, na F wakaiacha iendelee na upole wake. Kati ya mizunguko 4,000 na 8,000, pale ambapo wewe utakaa siku zako zote, inavuta sawasawa, haina mashimo. Na R6 ya 2001 bado ina kabureta. Sindano za mafuta iliwekewa mwaka 2003. Kwa petroli yetu na unyevu wetu, pikipiki ikilala wiki mbili unajua kabureta nne zinataka nini. Kila moja ifunguliwe, isafishwe, kisha zote nne zisawazishwe pamoja kwa geji. Geji hiyo Unguja nzima sijui nani anayo. Mie ninayo, lakini mie niko Pemba.

Halafu kuna shemeji. Siti ya nyuma ya R6 ni kipande cha sponji kilichopanda juu, anayekaa pale magoti yanamfika kifuani. Ya Honda ni pana, na kuna pa kushika. Mikono ya usukani nayo iko juu zaidi, viganja havikufi ganzi. Na nakuomba kama ndugu: shemeji akipanda, baibui likusanywe lote mbele, likaliwe, na kinga ya cheni iwe nzima. Nimeshaona nguo ikiingia kwenye cheni, Maskati, sitaki kulisimulia.

Kawasaki uliyoitaja, ile ZX-6R, ni nzuri na ina nafasi, ila za mwaka 2000 hadi 2002 tairi ya mbele ni 120/65. Saizi hiyo adimu hata huko zinakotoka. Honda ni 120/70 mbele na 180/55 nyuma, ambayo ndiyo saizi ya nusu ya dunia. Ukiagiza Dar au Dubai unaipata. R6 yako hiyo mbele ni 120/60. Kuhusu tairi, zilizopo juu ya pikipiki usizihesabu hata zikiwa na meno yote. Tazama ubavuni, kuna tarakimu nne ndani ya duara: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikisomeka 2314, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Raba ya umri huo imeshakuwa kama ubao, na mvua ya masika kwenye lami ya Bububu haitakuhurumia. Weka pesa za tairi mbili mpya pembeni kabla hujapatana bei.

Sasa namna ya kuikagua. Mimi niliwahi kuuziwa pikipiki na mtu aliyeniwashia kabla sijafika. Ilikuwa moto, ikaitika mara moja, nikafurahi, nikalipa. Kesho yake asubuhi ikagoma, na kila ikiwa baridi ikagoma, kwa miezi miwili. Kwa hiyo jambo la kwanza weka kiganja kwenye injini. Ikiwa na uvuguvugu, aga, rudi siku nyengine.

Ikiwaka baridi, sikiliza upande wa taimingi cheni. Honda hizi tenshena yake, yaani kikaza cheni hiyo, huchoka, utasikia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Ikianza hivyo dawa yake ni kubadilisha tu, si kifo. Maradhi yao mengine ni rektifaya, kile kifaa kinachosawazisha umeme wa kuchaji betri. Weka mita ya umeme kwenye betri, pandisha resi mpaka 5,000. Ikisoma volti 14 na kidogo, salama. Ikibaki 12, betri haipati chaji, na siku moja itakuzimikia msituni Jozani usiku.

Pitisha ukucha kwenye mabomba ya shokapu za mbele, kutoka juu hadi chini. Hewa ya bahari inatoboa vishimo vidogo vidogo kwenye kromu, jicho halivioni lakini ukucha unavikamata, na kila kishimo kinakata sili ya mafuta. Kisha inama utazame pale chini ya shingo, usukani unapogota ukiukata mpaka mwisho. Pakiwa pamebonyea au pamepasuka rangi, pikipiki imeanguka vibaya, hata makava yakiwa mapya yanang'aa. Na hasa hiyo R6, kama bado roho inakuvuta: tazama boliti ya kumwagia oili. Ikiwa imetobolewa kitundu cha kupitisha waya, imetoka kiwanja cha mashindano. Maisha yake imeyamaliza huko.

Namba ya chesisi ifananishe na karatasi, tarakimu kwa tarakimu, usimwachie mtu akusomee. Tazama spidimita pia, ikiwa ni ya maili, imetoka Marekani au Uingereza. Ikiwa ni ya Marekani, taa yake huenda inamulika kulia, machoni mwa wanaokuja. Japani na Uingereza wanaendesha kushoto kama sisi, za huko taa hazina tabu.

Kofia ngumu nunua mpya, si ya mtumba. Yangu niliyoitoa Maskati sikupi, imeshadondoka.

Nimeandika mengi kwa sababu ile siku ulipoondoka Wete ukiwa umenipakia nyuma ya Vespa ya babako, tukaenda mpaka Konde na kurudi, uliniahidi kwamba pikipiki yako ya kwanza kubwa mie ndiye nitakayeisikiliza kabla hujailipia. Sijasahau.

Jumamosi navuka na meli ya Mkoani, inshallah. Nakuja na mita ya umeme, tochi na ile geji. Mpaka hapo usitoe hata shilingi ya arubuni, na yule mwenye yadi mwambie asubuhi hiyo asiiwashe mpaka nifike.

Nisalimie wote. Mama anakusalimu, anauliza honda yako ni ya rangi gani.

Wasalaam,
Sahibu yako, fundi wa Wete